Kioo kipya, kamera iliyopinda na safari ya usiku: jibu kwa mzee wa Raskazone

Swali: Mimi ni mstaafu, naishi Raskazone, Tanga. Mwanangu aliniagizia kutoka Japani Mercedes-Benz E-Class ya mwaka 2017. Jiwe la lori lilipasua kioo cha mbele kati ya Segera na Mkata, tukabadilisha hapahapa mjini. Tangu hapo taa za njano zinawaka na kuzimika, na taa ya eabegi imewaka haizimiki. Nikikaribia mstari wa barabara gari linavuta, na wiki iliyopita karibu na Pongwe lilifunga breki lenyewe mbele hakuna kitu. Fundi anasema mifumo hii imetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, huku haifai, aizime yote kwa kompyuta pamoja na taa ya eabegi. Lakini mimi nililitaka gari hili kwa kuwa macho yangu usiku si mazuri, na kila mwezi nakwenda kliniki Dar. Nimkubalie?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Pole kwa jiwe la njiani, na Mungu ambariki kijana aliyekukumbuka kwa gari zuri namna hiyo.

Naanza na lile lisilosubiri. Usikubali taa ya eabegi izimwe kabla chanzo chake hakijajulikana. Taa ile ikibaki inawaka maana yake kompyuta ya eabegi imekuta waya au kifaa kisichojibu, na katika hali hiyo huwezi kuwa na hakika kwamba mfuko utafunguka siku ya ajali. Kuizima taa yenyewe ni kazi ya dakika chache. Kuna wanaoweka rezista ndogo mahali pa eabegi ili kompyuta idhani ipo, na kuna wanaoziba taa tu. Dashibodi inakuwa safi, mteja anashukuru, na hatari imebaki palepale, ila sasa imefichwa. Tena kompyuta hiyohiyo ndiyo inayotoa amri kwa kile kifaa kinachovuta mkanda ukakubana kifuani gari linapogonga. Ukipoteza eabegi, huenda umepoteza na hicho.

Kipimo chake ni rahisi, na kila mwenye gari akijue. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Taa ya eabegi lazima iwake sekunde chache, halafu izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu amekwishaichezea, na ukiwa katika kununua gari lililotumika hapo ndipo pa kuuliza maswali makali.

Chanzo chenyewe mara nyingi si kikubwa. Chini ya viti vya mbele kuna soketi za njano. Mtu akisukumia kapu au dumu chini ya kiti, au vijana wa kuosha magari wakipitisha mpira wa maji humo, soketi inalegea au inashika kutu, hasa kwetu hapa ambako hewa yenyewe ina chumvi. Kwako nashuku zaidi kwamba viti vilisogezwa mno siku ya kubadilisha kioo. Fundi atazame hapo kwanza, lakini atoe betri, asubiri dakika kadhaa ndipo aguse soketi yoyote ya njano, wala asiipime eabegi kwa testa ya kawaida. Umeme mdogo tu unatosha kuilipua.

Hapa naomba niwageukie kidogo wasomaji wengine wa pwani wenye magari ya Kijapani ya zamani kuliko hili la mzee. Kampuni ya Takata ilitengeneza eabegi zilizotumia amonia naitreti kama baruti ya kujaza mfuko. Baruti hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya kulipuka inalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kupasua chombo chake cha chuma, vipande vikamrukia dereva. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, mamilioni ya magari duniani yameitwa yarudishwe kubadilishiwa, na Takata wenyewe waliomba kinga ya kufilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu Tanga, Pangani na Bagamoyo mwaka mzima. Chukua namba ya chasisi, mwombe kijana aiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji wa gari lako kwenye ukurasa wa magari yaliyoitwa kurudishwa. Haina malipo.

Turudi kwako, mzee wangu. Fundi anaposema mifumo hii ni ya Ulaya, anachanganya vitu viwili ambavyo ni lazima vitenganishwe, na jibu langu lote limesimama juu ya kutenganisha huko.

Kuna mifumo inayohisi gari lenyewe, na kuna mifumo inayotazama nje. Ile ya kwanza ni ya zamani na imeiva. Breki za ABS za kielektroniki, zile zisizoacha magurudumu yakwame unapofunga breki kwa nguvu, zilizotengenezwa na Bosch, Mercedes-Benz waliziweka kwenye S-Class mwaka 1978. Eabegi ya dereva ikaja kwenye S-Class mwaka 1981. ESP, ule mfumo unaozuia gari kuserereka, ukafuata mwaka 1995. Hii yote haitazami barabara hata kidogo. ABS na ESP zinapima kasi ya kila gurudumu, umegeuza usukani kiasi gani, na gari limezunguka kiasi gani. Ukikata kona kwenye tope pale Hale mvua zikinyesha, mkia wa gari ukaanza kutoka nje, ESP inaona kwamba usukani unasema hivi na gari linakwenda vile, basi inafunga breki ya gurudumu moja tu, lile linalofaa, na kulirudisha gari kwenye njia yake kabla wewe hujajua kilichotokea. Haihitaji mstari mweupe wala alama ya barabarani. Tope la Hale na tope la Stuttgart kwake ni mamoja. Mifumo hii haizimwi na haifutwi. Ikipata hitilafu, hiyo ndiyo ya kutengenezwa kwanza hata kama fedha ni kidogo.

Ile ya pili ndiyo inayotumia kamera na rada: kufuata gari la mbele kwa umbali, kukushtua ukiuacha mstari, kufunga breki ikiona utagonga, kutazama pembeni pale kioo cha ubavuni kisipofika. Hii inategemea mambo mawili. La kwanza, macho ya gari yawe yamekaa sawasawa. La pili, barabara iwe inasomeka. Kwako la kwanza limeharibika siku kioo kilipobadilishwa, na la pili linategemea uko kipande gani cha safari.

Kamera ya E-Class yako imekaa nyuma ya kioo cha mbele, juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Nyingi za toleo hilo zina lenzi mbili, nazo zinapima umbali kwa kulinganisha picha ya lenzi ya kushoto na ya kulia. Kwa hiyo kioo kilicho mbele yake si kioo tu, ni sehemu ya kamera. Kioo cha bei nafuu chenye mawimbi madogo ambayo wewe huyaoni, au kishikio cha kamera kilichogundishwa kikapinda kidogo, kinatosha kuiharibia hesabu. Kamera ikipinda nyuzi 1 tu, umbali wa mita 100 mbele inakosea kwa karibu mita 1.75. Njia moja ya barabara yetu kuu haifiki hata mita 4. Maana yake gari linaweza kuona lori lililo njia ya pili likadhani liko mbele yako, au likaona mstari wa pembeni mahali ambapo haupo. Ni sawa na kuvaa miwani ya mtu mwingine: unaona, lakini unajikwaa.

Ndiyo maana kila baada ya kubadilisha kioo cha gari la aina hii lazima kamera ifanyiwe kalibresheni, yaani ifundishwe upya katikati ya gari iko wapi na upeo wa macho uko wapi. Kuna inayofanywa gari likiwa limesimama mbele ya mbao zenye michoro maalumu, na kuna inayokamilishwa kwa kuendesha kwenye barabara yenye mistari iliyo wazi huku kompyuta imeunganishwa. Kwa Mercedes, kompyuta ya kiwandani inaitwa XENTRY. Vile vikompyuta vidogo vya kusoma na kufuta hitilafu, ambavyo gereji nyingi wanavyo, vinaweza kukuzimia taa lakini haviwezi kuifundisha kamera. Ukiona taa imezimika asubuhi ikarudi ulipofika Muheza, ujue ilifutwa, haikutengenezwa.

Kuhusu lile la kuvuta kwenye mstari, wengi hudhani ni usukani unaogeuzwa. Kwenye gari lako, mfumo wa kulinda njia kwanza unatetemesha usukani, kisha ukiendelea kuukanyaga mstari mzima unafunga breki za magurudumu ya upande mmoja ili gari lirudi ndani. Kamera ikiwa imepinda, inakurudisha wakati hukutoka. Na hata ikiwa sawa, kuna vipande vya barabara ambapo mstari wa zamani haukufutwa vizuri ukachorwa mpya pembeni yake, au lami imezibwa nyufa kwa michirizi mieusi inayong'aa mvua ikinyesha. Kamera inasoma vyote hivyo. Mfumo huu hauamki mpaka uwe kwenye mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa, ndiyo maana ndani ya mji, Ngamiani au Chumbageni, huusikii kabisa. Mpaka kamera ipimwe, uzime huo mmoja tu. Kwenye gari lenyewe kuna mahali pake pa kuzimia, huhitaji fundi wala kompyuta.

Sasa la Pongwe, maana najua ndilo lililokutisha. Mfumo wa kufunga breki kwanza hupiga mlio na kuonyesha alama nyekundu. Usipochukua hatua ndipo unafunga wenyewe. Ukifunga mbele hakuna kitu, kanyaga mafuta mpaka mwisho na gari litakuachia, kwa sababu linachukulia kwamba dereva ameona na ameamua. Lizoee hilo kichwani kabla halijatokea tena, kwa sababu nyuma yako huwa kuna lori la saruji au fuso la machungwa lisilo na muda wa kukusubiri. Kwenye menyu ya gari kuna sehemu ya kuchagua mfumo huu ushtue mapema, wastani au uchelewe. Uweke kwenye kuchelewa mpaka utakapopimwa. Kuuzima kabisa nisingekushauri, kwa sababu huo ndio unaoweza kumwokoa mtoto anayekimbiza mpira barabarani, na jambo hilo kwetu si la kufikirika.

Chanzo kinaweza kuwa kamera hiyohiyo, lakini tazama na nyota ya mbele. Kwenye E-Class nyingi za toleo lako, ile nyota kubwa katikati ya shoo ni bapa, laini na inang'aa kama kioo, haina matundu. Nyuma yake ndiko iliko rada. Plastiki yake imetengenezwa ili mawimbi ya rada ya gigahezi 77 yapite bila kukwama. Sasa jiwe lililopasua kioo huenda halikuwa peke yake. Ukikuta nyota ina ufa, au imewekwa nyingine ya dukani yenye matundu na kromu ya chuma, rada inatazama nje kupitia kizuizi. Vilevile mtu akigonga bampa kidogo tu, kishikio cha rada kinapinda na wewe usione alama yoyote kwenye rangi. Kibao cha namba kilichofungwa juu kupita mahali pake, stika, tope lililokauka, vyote vinaisumbua. Pitisha kitambaa chenye maji kwenye nyota na kwenye kile kipande cha kioo mbele ya kamera kila unapojaza mafuta. Na zile stika zetu za Nenda kwa Usalama, zibandikwe chini pembeni, mbali na kamera.

La bampa ya nyuma nalo nitaje kwa ufupi, kwa kuwa bajaji za mjini hazikosi kuigusa. Rada za kutazama pembeni zimejificha ndani ya pembe zake mbili. Fundi rangi akijaza puti nene hapo akapaka rangi ya metaliki mara tatu, rada inakuwa imefunikwa blanketi. Pembe za bampa hazijazwi puti. Kipande kikivunjika hapo kinabadilishwa.

Kabla hujalipia kalibresheni yoyote, mzee wangu, ipimwe betri. Nasema hivi kwa sababu taa nyingi kuwaka kwa pamoja na kuzimika zenyewe ni dalili ya umeme kuwa mdogo kuliko ilivyo dalili ya mifumo mitano kufa siku moja. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha huonyesha karibu volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 12, anza hapo. Joto letu linaua betri mapema, na gari hili linataka betri ya aina ya AGM, si ile ya kawaida ya bei ndogo. Na kama betri ilitolewa wakati wa kazi ya kioo, taa ya ESP inaweza kubaki kwa sababu tu sensa ya usukani imesahau katikati ni wapi. Washa injini gari likiwa limesimama, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, kisha endesha kidogo. Mara nyingi taa hiyo inazimika bila kulipa hata senti.

Tairi nazo ni sehemu ya elektroniki, ingawa hazina waya. ABS na ESP zinahesabu kila kitu kutokana na mzunguko wa gurudumu. Ukifunga tairi za saizi tofauti, au mbili mpya na mbili zilizokwisha, kompyuta inaona gurudumu moja linazunguka haraka kuliko jingine na inadhani linateleza. Na breki zote hizi, hata ziwe na akili kiasi gani, mwisho wake ni kile kipande cha mpira kilichogusa lami. Ukinunua tairi za mtumba tafuta ubavuni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa miaka mingi juani ni ngumu hata kama kashata zake bado zinaonekana nzuri.

Na ABS ikifanya kazi, usiogope. Pedeli inatetemeka chini ya mguu na inatoa mlio wa kukwaruza. Watu wengi hushtuka wakaachia mguu, na hapo ndipo wanapogonga. Kanyaga kwa nguvu zote, usiachie, kisha zungusha usukani kukwepa. Kazi ya ABS hasa ni hiyo, kukuachia usukani ukiwa bado una nguvu. Kwenye changarawe na mchanga inaweza hata kukusimamisha mbali zaidi kuliko gari la zamani, kwa hiyo ukishuka kwenye njia ya vumbi punguza mwendo mapema.

Baada ya betri, tairi na eabegi, ndipo kamera na rada zipimwe na mtu mwenye vifaa vyake. Ikiwa ni lazima gari lipelekwe Dar kwa hilo, lipeleke siku ileile ya kliniki, mchana, na mfumo wa kufuata gari la mbele usiutumie njiani.

Hata ukishapimwa, huo wa kufuata gari la mbele unahitaji uelewe unaona nini. Unaitwa Distronic, na Mercedes wameanza kuuweka kwenye S-Class tangu miaka ya mwisho ya 1990. Ni mzuri sana ukiwa nyuma ya basi kwenye barabara tulivu. Unaweka kilomita 80, unachagua umbali, nao unapunguza na kuongeza wenyewe. Lakini kitabu cha gari chenyewe kinaonya kwamba usitegemewe kwa watu, wanyama, magari yanayokatiza, yanayokuja mbele, wala vitu vilivyosimama. Kwa nini vilivyosimama? Kwa sababu rada inaona kila kitu cha chuma: nguzo, vibao, kingo za daraja, magari yaliyoegeshwa. Ingefunga breki kwa kila kimoja, gari lisingetembea. Kwa hiyo ukiwa kwenye kasi kubwa, mfumo unaviamini zaidi vile vinavyotembea.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye barabara yako. Umepita Kabuku, saa mbili usiku. Lori limekatika ekseli, limeachwa nusu kwenye lami, taa hakuna, dereva amekata matawi akayatandaza nyuma yake mita thelathini. Mimi na wewe tukiona matawi tunajua mara moja, hata mtoto wa Tanga anajua. Gari lako halijui. Kwa kamera lile ni jani barabarani, na kwa rada si kitu kabisa. Kundi la ng'ombe likivuka kwenda majini, halikuingia kwenye mafunzo ya kamera hiyo kwa namna tunayolijua sisi. Bodaboda asiye na taa ya nyuma, rada inaweza kumpata, lakini kwa kuchelewa. Na lori linalokujia mbele likijaribu kulipita jingine mlimani, mfumo wako hautalisubiri wala kulikwepa. Hapo ndipo penye ukweli katika maneno ya fundi wako. Amekosea tu dawa, maana jibu si kuizima mifumo, jibu ni kutoitwisha kazi isiyo yake.

Kwa maneno ya wataalamu wa magari, gari lako liko daraja la pili kati ya yale yanayohesabiwa kuanzia sifuri hadi tano. Daraja la pili maana yake gari linasaidia usukani, mafuta na breki, na dereva ndiye anayetazama muda wote. Mercedes walipata kibali cha daraja la tatu Ujerumani Desemba 2021, cha dereva kuondoa macho barabarani, kwa S-Class, tena mwanzoni kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, kwenye barabara kuu zilizopimwa, na bila mtu wala baiskeli kukatiza. Watu wa huko wenyewe waliuwekea mipaka hiyo mfumo wa kisasa kuliko wako.

Hivyo nifike kwenye macho yako, na naomba unisamehe kwa kusema wazi. Gari hili haliwezi kuona kwa niaba yako. Taa zake zitakusaidia. Kama limekuja na zile za Multibeam, kila taa ina LED 84 zinazojiwasha na kujizima ili kumulika kote isipokuwa kwenye macho ya anayekuja, na kwa kuwa Japani wanaendesha kushoto kama sisi, zimeelekezwa upande unaotufaa. Lakini hesabu haibadiliki. Ukiwa kilomita 100 kwa saa, unakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka ubongo uone na mguu ukanyage, sekunde moja na nusu imepita, mita 42 zimekwisha. Kusimama kwenyewe, lami kavu na tairi nzuri, kunataka karibu mita 48 zaidi. Jumla mita 90. Taa za chini za magari mengi humulika vizuri mita 50 hadi 70 hivi. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, jumla yake ni kama mita 42, na hapo bado uko ndani ya mwanga wako. Mtu ambaye macho yake yanachelewa usiku anaongeza mita juu ya hizo zote, na hakuna kifaa kinachozirudisha.

Umesema usiku si mazuri. Kama taa za magari yanayokuja zinakutawanyikia macho, zinakuwa na duara la mwanga kuzunguka, huenda ni mtoto wa jicho, nao unatibika kwa upasuaji. Ukiwa Dar kwenye kliniki yako omba wakupime na macho. Mpaka hapo, safari iwe mchana. Sali alfajiri, kunywa chai, ondoka kukishakucha vizuri. Kutoka Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, na hata ukipumzika Mkata utaingia kabla ya saa saba mchana. Lala huko, rudi kesho yake. Siku ambayo ni lazima kusafiri usiku, kijana ashike usukani.

Na njiani, gari likikuonyesha kile kikombe kidogo cha kahawa kwenye dashibodi, liamini. Huo mfumo unafuatilia namna unavyoushika usukani tangu mwanzo wa safari, ukiona umeanza kupoteza vijisahihisho vidogovidogo na kurudisha kwa kushtuka unajua umechoka. Hautazami barabara, unakutazama wewe, kwa hiyo huku kwetu unafanya kazi vizuri kama kokote. Simama Segera au Wami, unyooshe miguu.

Wajukuu wakae nyuma na mikanda. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kabisa mbele penye eabegi inayofanya kazi.

Ukienda gereji, waambie kabla ya kufuta chochote wasome namba zote za hitilafu wazichape au wakupigie picha, kisha unitumie na kipimo cha betri, picha ya nyota ya mbele, na picha ya maandishi madogo yaliyo pembeni chini ya kioo kipya ili nijue ni cha nani na kama ni cha gari lenye kamera. Wakizifuta kwanza, itatubidi tusubiri zirudi zenyewe ndipo tujue pa kuanzia, na wewe usilipe kitu mpaka hapo.